Kijana ana kigugumizi? Mpeleke stejini: namna ya kuendesha grupu la maigizo hatua kwa hatua

Watu wengi wakisikia kijana mwenye kigugumizi anapelekwa kwenye maigizo wanashtuka, wanakuuliza mbona unamtesa mtoto wa watu, salamu tu inamtoa jasho sasa unataka umpandishe mbele ya ukumbi mzima? Alafu siku akipanda kweli na mistari yake ikatoka bila kukwama, walewale wanageuka upande wa pili kabisa, vigelegele, machozi, eti amepona. Kote kuwili wamekosea, na mimi hilo kosa la pili ndo linaniuma zaidi manake linafanywa na watu wenye nia nzuri kabisa na kijana ndo anabaki nalo. Wiki ijayo akikwama kwenye simu atajiona kama amewaangusha wote.

Kwa hiyo tuelewane mapema. Hii kazi sio ya kuondoa kigugumizi. Ni ya kumfanya kijana aseme anachotaka kusema, kigugumizi chake kikiwepo, na waliokaa mbele yake wajue kusubiri. Kama wewe unachotafuta ni vijana wanaoongea bila kukwama basi hiyo ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi, na hata yeye siku hizi wengi wao hawaahidi hivyo.

Kabla hujaita mtu yeyote, jua unaloshughulika nalo

Sio lazima uwe daktari ila usiwe mtupu. Kigugumizi mara nyingi kinaanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, watoto wengi kinawaacha wenyewe, na kwa watu wazima wanabaki kama mtu 1 katika kila 100. Wanaume ni wengi kuliko wanawake, karibu mara nne. Kinatokana na jinsi ubongo unavyopanga na kuendesha usemi, na kinatembea kwenye familia, mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliokuwa na Dennis Drayna walitangaza jeni tatu za kwanza zinazohusiana nacho. Yaani sio woga, sio malezi mabaya, sio akili ndogo. Woga unakiongeza, hauzai.

Kuna namna tatu utakazozisikia. Kurudia sauti au silabi (ma-ma-ma-maji), kuvuta sauti (sssssasa), na kukwama kabisa, mdomo upo tayari, kila kitu kipo tayari, ila sauti haitoki. Hii ya tatu ndo inawachanganya watu wasioijua, wanadhani kijana kasahau au kagoma kujibu. Ongeza na vile vya pembeni, kufumba macho, kupiga mguu chini, kukaza shingo, hizo zote ni mbinu za mwili kujaribu kulisukuma neno litoke.

Na hayo ndo unayoyaona tu. Joseph Sheehan, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alikifananisha na mlima wa barafu baharini, kipande kidogo kipo juu na sehemu kubwa imezama: aibu, hofu, kukwepa maneno, kujifanya hujui jibu darasani wakati unalijua, kujifanya huna njaa kwa sababu jina la chakula unachokitaka linaanza na herufi mbaya kwako. Maigizo yanafanya kazi hukohuko chini. Juu panaweza pasibadilike sana na bado ukawa umefanya kazi kubwa.

Sasa kwanini stejini kinapotea? Hili lijue vizuri kwa sababu litakutokea na litakudanganya. Karibu kila mwenye kigugumizi akiongea sambamba na mwenzake, maneno yaleyale kwa wakati uleule, kigugumizi kinapungua sana au kinaisha kabisa kwa muda huo. Akiimba hivyohivyo. Akifuata mdundo, akibadilisha sauti, akiigiza lafudhi ya mtu mwingine, wengi wanateleza tu. Emily Blunt, yule mwigizaji wa Uingereza, amesimulia mara kadhaa kwamba alipokuwa mdogo mwalimu wake alimshauri aigize kwa lafudhi nyingine na maneno yakatoka. Ni kweli na ni raha, ila ile nafuu inakaa ndani ya uhusika, ukivua uhusika kigugumizi kinakusubiri mlangoni. James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani mwenye ile sauti nzito ya Mufasa kwenye filamu ya The Lion King, alikaa karibu miaka minane ya utoto wake bila kuongea na watu shuleni mpaka mwalimu wake wa sekondari alipomtoa kwa kumsomesha mashairi mbele ya darasa, akaja kuwa na sauti inayojulikana dunia nzima, na bado hadi uzeeni alikuwa anasema kigugumizi hakijaondoka, amejifunza kuishi nacho. Hiyo stori waambie vijana wako nzima nzima, usiikatie pale kwenye mashairi.

Hatua ya 1: Kusanya grupu, na umuulize kijana mwenyewe

Mzazi atakuja mbio. Atakwambia mwanangu anapenda sana kuigiza, na kijana amesimama nyuma yake anaangalia viatu. Muombe mzazi akae pembeni kidogo, ongea na kijana, mpe muda wa kujibu, na mwambie wazi kuna kazi nyingi ambazo sio za kuongea mbele ya watu: taa, muziki, mavazi, kuandika. Anayeanzia kwenye taa mara nyingi mwenyewe anaomba mstari baada ya muda. Asipoomba, taa zinahitaji mtu.

Grupu la watu 8 hadi 12 linatosha, zaidi ya hapo muda wa kusubiriana unakuwa mrefu na wewe utaanza kuharakisha watu bila kujijua. Wa miaka 9 usiwachanganye na wa 17, wana shida tofauti kabisa. Ila changanya wenye kigugumizi na wasio nacho, hasa ndugu na marafiki waliokuja nao, kwa sharti wenye kigugumizi wawe wengi zaidi. Kwa kijana ambaye maisha yake yote amekuwa peke yake darasani mwenye hii hali, kuingia kwenye chumba ambacho yeye ndo wa kawaida ni kitu kikubwa mno, na saa nyingine hicho peke yake kinamtosha wiki za kwanza. Hili sio jipya. New York kuna taasisi inaitwa SAY, aliianzisha mwaka 2001 mwigizaji Taro Alexander ambaye naye ana kigugumizi, na ilianza kama grupu la maigizo la vijana hawahawa, kila mtu anapewa muda wote anaouhitaji kuongea.

Kama kijana ana mtaalamu wa tiba ya usemi, mjulishe. Sio kuomba ruhusa, ni ili msije mkavutana, huyu anamfundisha kulegeza midomo na wewe unampigia kelele atoe sauti kwa nguvu.

Hatua ya 2: Sheria za chumba

Ziwe chache na zimhusu kila mtu, wewe wa kwanza.

- Hakuna kummalizia mtu neno. Hata kama unalijua, hata kama unamuonea huruma.
- Hakuna "pole pole", "vuta pumzi", "tulia". Ameshayasikia tangu utotoni na yangekuwa yanafanya kazi asingekuwa hapo.
- Anayeongea anaangaliwa usoni kawaida, sio kukodolewa macho, sio kuangalia dirishani.
- Hakuna kumsifia mtu kwa kutokukwama.

Hiyo ya mwisho ndo wageni wanabishana nayo. Kwani nikimwambia "leo umeongea vizuri sana hujakwama hata kidogo" kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba umeshamwambia siku akikwama ameongea vibaya. Sifia kingine, umesimama vizuri, umemuangalia mwenzako, umenichekesha, lile wazo lako ni kali.

Na kukosoa ndo usithubutu. Mwaka 1939 huko Iowa, Marekani, kulifanyika jaribio kwa watoto yatima chini ya Wendell Johnson, mtaalamu wa usemi wa Chuo Kikuu cha Iowa, na mwanafunzi wake Mary Tudor, watoto wengine walikuwa wanaongea vizuri tu wakawa wanaambiwa kila mara usemi wao una kasoro, wajirekebishe, bora wasiongee kama hawawezi kuongea sawasawa. Kilichotokea ni watoto kunyamaza, kuona aibu, kukataa kuongea. Chuo chenyewe kiliomba radhi mwaka 2001. Sasa kama hao waliokuwa hawana kigugumizi walifika huko, fikiria mwenye nacho ambaye anasahihishwa kila akifungua mdomo.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, usianze na majina

Hapa ndo grupu nyingi zinavunjikia. Kila mtu anajua mchezo wa kukaa duara na kujitambulisha mmoja mmoja, na kwa mwenye kigugumizi hakuna mateso yanayozidi hayo. Kwanza jina lako ndo neno gumu kuliko yote kwa wengi wao, kwa sababu maneno mengine unaweza kuyabadilisha, ukikwama kwenye "nyumba" unasema "kwetu", ila jina lako huna la kulibadilisha nalo, na wapo wanaojitambulisha kwa jina la uongo kisa lina herufi nyepesi. Pili ni ile kusubiri zamu. Wamebaki watano, wanne, watatu, moyo unadunda, husikii hata wenzako wanasema nini, na zamu ikifika koo limeshafunga.

Anza na mwili. Watembee chumba kizima, ukipiga kofi wasimame, ukipiga mawili wageuke, baadaye wao ndo waanze kupiga. Watazamane wawili wawili mmoja awe kioo cha mwenzake. Wabebe kitu kizito ambacho hakipo. Dakika 30 hivi hakuna neno hata moja na watu wanacheka, na kijana ambaye kila siku anapimwa kwa mdomo wake siku hiyo anaonekana kwa vitu vingine, kuna mwingine utakuta ana mwili wa kuchekesha ambao hata nyumbani hawajawahi kuuona.

Majina yaje baadaye na yaje na ishara ya mwili, kila mtu aseme lake anapotaka yeye bila mpangilio wa duara, na grupu zima lirudie jina na ishara kwa pamoja. Anayetaka kuonyesha ishara tu bila jina leo, sawa. Na wewe anza kwa kukwama kwenye jina lako makusudi kama huna kigugumizi, uwaambie wazi kwamba umefanya makusudi na kwanini, wakikuona unaigiza kimyakimya watadhani unawacheka.

Hatua ya 4: Kutoka sauti za wengi kwenda sauti ya mmoja

Kumbuka ile habari ya kuongea sambamba. Itumie kama mlango. Chukua shairi fupi lenye kiitikio, grupu zima liseme kwa pamoja, kwa nguvu, kwa kunong'ona, kwa hasira, kama wazee, kama wanajeshi. Siku inayofuata wagawe makundi mawili yajibizane. Alafu watu watatu watatu. Alafu wawili. Alafu mmoja anasema mstari na wengine wanamdaka kwenye kiitikio.

Ukifika kwenye mmoja kigugumizi kitarudi, na kinatakiwa kirudi ndani ya chumba ambacho hakuna anayeshtuka. Usikimbilie kumrudisha kwenye kundi kisa amekwama, atajifunza kwamba akikwama anaondolewa. Kaa. Subiri. Grupu lisubiri. Akimaliza anayefuata anaendelea kama kawaida, hakuna makofi ya huruma.

Zoezi lingine ambalo vijana wanalipenda baada ya kulichukia mara ya kwanza: kukwama makusudi. Kila mtu, wenye nacho na wasio nacho, anachagua neno kwenye sentensi yake na kulikwamisha kwa hiari, kulivuta, kulirudia, huku anamwangalia mwenzake machoni. Wataalamu wa usemi wanalitumia sana kupunguza hofu. Kwa wasio na kigugumizi ni somo la dakika tano linalozidi semina nzima, wanaona jinsi macho ya mtu anayekusubiri yalivyo mazito. Kwa wenye nacho ni mara ya kwanza wao ndo wanakiendesha. Ila wengine litawagusa pabaya, asiyetaka asilazimishwe, na usilifanye wiki ya kwanza.

Hatua ya 5: Wacheze maisha yao

Augusto Boal, Mbrazili, miaka ya 1970 alitengeneza staili ya maigizo ambayo mtazamaji haangalii tu, anasimamisha mchezo na kuingia mwenyewe kujaribu njia nyingine. Sijaona staili inayowafaa hawa vijana kuliko hiyo.

Inaendeshwa hivi. Waulize ni wapi kigugumizi kinawasumbua zaidi, na utashangaa majibu yanafanana: kusoma kwa sauti darasani, kupokea simu, kuagiza kitu dukani kuna foleni nyuma yako, usaili, kumwambia msichana au mvulana unayempenda kitu, na mjomba kwenye sherehe anayekuiga mbele ya watu akidhani ni utani. Wachague moja. Wacheze jinsi inavyotokeaga kweli hadi mwisho mbaya, kijana anakatishwa, anakaa, watu wanacheka. Alafu wacheze tena kuanzia mwanzo, na safari hii yeyote akiona pa kubadilisha anasema "simama!", anachukua nafasi ya yule mwenye kigugumizi, anajaribu.

Utaona vitu. Mmoja atamwambia mwalimu mapema kabla ya kipindi kwamba nina kigugumizi naomba unipe muda. Mwingine atamkatisha anayemmalizia maneno, "subiri, sijamaliza". Mwingine atajibu kwa ukali mpaka grupu lishangilie alafu mjadiliane, je kesho yake darasani itakuwaje? Usitoe jibu sahihi wewe. Kazi yako ni kuuliza: imesaidia? ungeweza kweli kufanya hivi? ingekugharimu nini? Njia nyingine ni nzuri stejini na hatari mtaani, wao wanajua hiyo mipaka kuliko wewe.

Kuna nafasi moja haibadilishwi, ya mnyanyasaji. Mnyanyasaji akibadilika akawa mwema ghafla mchezo umeisha na hakuna kilichofanyika, manake kwenye maisha huna uwezo wa kubonyeza kitu mtu akawa mwema. Ila mpe nafasi hiyo ya mnyanyasaji kijana mwenye kigugumizi aicheze walau mara moja. Wanaijua vizuri mno, kila neno, na kuna kitu kinafunguka akiisema yeye. Baada yake msiondoke haraka, kaeni chini muongee, mvue uhusika wake kwa kumuita jina lake na kumuuliza amejisikiaje.

Hatua ya 6: Skripti

Waandike wenyewe kutokana na hayo waliyoyacheza. Swali gumu linalokuja hapa ni kuhusu maneno magumu, kijana anakwambia neno hili siliwezi nibadilishie, unafanyaje? Ukikataa kila kitu unamtesa. Ukikubali kila kitu unamsaidia kukwepa, na kukwepa ndo hicho kilichozama chini ambacho tunataka kukipunguza. Mimi msimamo wangu ni huu: wakati wa kuandika yuko huru kabisa, aweke maneno anayoyataka, ila swali langu ni "hili ndo neno unalotaka kulisema au ndo neno rahisi?" Akichagua neno analolitaka, tunalilinda. Siku ya mazoezi akikwama nalo hatulibadilishi, tunamsubiri. Nimeona mara nyingi kijana akikwama kwenye neno moja kila siku na mwisho analing'ang'ania mwenyewe, ukimwambia tulitoe anakasirika.

Mhusika mkuu anaweza kuwa na kigugumizi au asiwe nacho. Usiwafungie kwenye stori za kigugumizi tu. Mtu anataka kuwa mfalme, mwizi, mgeni kutoka sayari nyingine, na kigugumizi chake kikitokea basi huyo mfalme ana kigugumizi, hakuna anayehitaji kuelezwa kwanini. Hiyo kwangu ndo kukubalika kwenyewe, kuliko igizo zima la kuomba watu wakukubali.

Hatua ya 7: Mazoezi, na vitu vidogo vya ufundi vinavyoharibu

Hivi havisemwi sana ila ndo vinavyoamua siku ya onyesho itakuwaje.

Mtu wa kunong'oneza mistari. Kwenye maigizo ya kawaida mwigizaji akinyamaza sekunde mbili ananong'onezewa. Hapa huwezi, kwa sababu kukwama na kusahau vinafanana kwa nje. Kubalianeni ishara, labda aliyesahau anagusa mkono wake wa kushoto, na bila hiyo ishara hakuna anayemnong'oneza chochote hata apite muda gani.

Taa na muziki visifungwe kwenye neno. Ukisema taa izime akishasema "kwaheri" na "kwaheri" ikachukua sekunde kumi, mtu wa taa anachanganyikiwa au, mbaya zaidi, anazima katikati. Funga kwenye kitendo: akikaa, akifunga mlango, akigeuka. Na muziki usiwe wa kumkimbiza mtu amalize kabla haujaisha.

Mwenzake stejini ndo fundi mkubwa kuliko wote. Anayemsubiri akiganda kama sanamu watazamaji watajua kuna tatizo, akibaki ndani ya uhusika wake, anamsikiliza, anamiminia maji, anamwangalia kwa ile hasira ya kwenye stori, ule ukimya unakuwa sehemu ya mchezo. Hili lifanyie mazoezi mengi kuliko kitu kingine chochote, chukua kipande kimoja cha maongezi na mkicheze mara nyingi, kila mara ukimya uwe sehemu tofauti, hadi yule anayesubiri aache kabisa kuhesabu sekunde kichwani.

Muda nao. Igizo la dakika 20 kwenye karatasi lipe 30 ukumbini, na mwenye ukumbi aambiwe mapema ili asije akaanza kuonyesha saa. Siku moja kijana yuleyule atamaliza kwa 18 na siku nyingine 28, kigugumizi kinapanda na kushuka chenyewe, usitafute sababu kila mara wala usimuulize leo umekuwaje.

Hatua ya 8: Watazamaji nao wafundishwe

Usianze na ukumbi uliojaa. Onyesho la kwanza liwe la familia na marafiki wachache, la pili ndo wanafunzi wenzao, na hao ndo wanaotisha, vijana wengi wanaogopa darasa lao kuliko wageni 500.

Kabla ya kuanza, mmoja wa vijana atangulie mbele atoe tangazo fupi, yeye na sio wewe. Kitu kama: wengi wetu tuna kigugumizi, mtasikia tukirudia au tukikwama, hatujasahau, hatuna wasiwasi, sisi tutamaliza na nyie mtasubiri, alafu kwenye vichekesho chekeni. Hiyo ya vichekesho muhimu, manake watu wakishaambiwa habari za kigugumizi wanakuwa wapole mno, wanaogopa hata kucheka sehemu ya kuchekesha, na hakuna kitu kibaya kwa mchekeshaji kama ukumbi wa watu wanaomuonea huruma. Na muwaambie wasipige makofi katikati mtu akikwama. Wanadhani wanampa moyo, kumbe wamemkatisha.

Mkimaliza mkae na watazamaji muongee dakika 15 hivi. Kuna mtu atasimama aseme "mbona hamjakwama sana, mmepona!" Jiandaeni na jibu, walifanyie mazoezi hata kwa utani. Jibu zuri nililowahi kulisikia kutoka kwa kijana ni fupi: "subiri nikupigie simu."

Hatua ya 9: Baada ya onyesho

Siku mbili tatu baadaye wengi wanaporomoka. Raha imeisha, wamerudi darasani, mwalimu ni yuleyule. Usiwaache. Weka kikao ndani ya wiki hiyohiyo, kisiwe cha mazoezi, kiwe cha kukaa tu na kuongea.

Vidio usiirushe popote mpaka kila kijana aliyemo akubali mwenyewe, ruhusa ya mzazi peke yake haitoshi. Kuna anayeona fahari kuangaliwa na watu 60 ukumbini ila hataki kipande chake cha sekunde 12 akikwama kizunguke kwenye simu za watu asiowajua, na ana haki yake.

Ukitaka kujua kama kazi imefanyika usihesabu amekwama mara ngapi. Muulize, na uulize nyumbani, vitu vya kawaida: ananyoosha mkono darasani? anapiga simu mwenyewe au bado anamtuma mdogo wake? ameshawahi kumwambia mtu mpya "nina kigugumizi" bila kuulizwa? anaagiza anachokitaka au anachoweza kukitamka? Kijana anaweza kuwa anakwama kuliko mwanzo kwa sababu tu sasa anaongea mara kumi zaidi, na mzazi atakuja kulalamika kwako kwamba hali imezidi. Mkalishe umueleze hivyohivyo.

Msimu unaofuata waliomaliza huu wapeni kazi ya kuendesha zile dakika 30 za kwanza na wageni wapya, wewe kaa nyuma. Tarehe 22 Oktoba huwa ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu kigugumizi, tangu 1998, kwa hiyo kama mnatafuta tarehe ya onyesho la wazi anzeni mazoezi miezi mitatu kabla yake na ukumbi muuweke mapema.